Maharage ya Mpiga Kinanda

Jumamosi ile ya Septemba 1953, Barthélemy alimzika binti yake Epiphanie akiwa hai, na shela kichwani, mbele ya watu waliojaa kanisa mpaka mlangoni. Hakutumia jembe. Alitumia kinanda.

Tuseme mambo yalivyokuwa. Misa ya ndoa ilikuwa imekwenda vizuri tangu mwanzo. Padri Émile alikuwa amekwisha kubariki pete, na Straton, bwana harusi, kijana wa Ntoto kule msituni Walikale, alikuwa amekwisha kuitikia kwa sauti ya kutetemeka. Maarusi wakageuka kutoka nje. Hapo mpiga kinanda hupiga wimbo wa shangwe. Barthélemy akakanyaga pedali, hewa ikajaa, mikono ikashuka juu ya vibao, na kilichotoka ni ule wimbo wa Kilatini wa kusindikiza jeneza.

Watu wa kilima kile hawakujua Kilatini, ila wimbo ule waliujua kama njia ya kisimani. Kuhara damu kulikuwa kumepita Bihambwe na Muheto, na wiki ile peke yake Barthélemy aliupiga mara tano. Nusu ya kanisa wakapiga magoti. Mama mmoja akaanza kulia kwa mazoea tu. Na kwaya, jamani, angalau mmoja wao angenyamaza. Lakini kwa miaka kumi na moja Barthélemy alikuwa amewatia sheria moja kichwani: mkono wangu ukianza, sauti zenu zifuate, maswali baadaye. Waimbaji ishirini na wawili, maua yamebandikwa vifuani, walifuata kwa sauti zote nne bila kosa hata moja. Wimbo ule haukuwahi kuimbwa vizuri namna ile.

Mwenyewe hakuusikia. Hakuwa anawaza kitu; kichwa chake kilikuwa kitupu kama chungu kilichooshwa. Alishtuka alipoona Epiphanie amesimama katikati ya kanisa, ameinua shela, anamtazama baba yake. Nyuma yake jamaa wote wa Ntoto walikuwa wamesimama pia, na bibi yao mzee alikuwa ameshika mkono wa Straton, anamvuta pembeni, mbali na mke wake wa robo saa.

Barthélemy akainua mikono. Kwaya, kwa utii wake, ikaimba maneno mawili zaidi ndipo ikanyamaza.

*

Nyumbani chakula kilipoa. Wali ulikuwepo, nyama ya mbuzi ilikuwepo, ndizi za kupika zilikuwepo, na hakuna aliyenyoosha mkono. Jamaa wa Ntoto walikaa upande mmoja wa uwanja, mizigo yao miguuni kama watu wanaongoja kuondoka. Jamaa wa Barthélemy, watu wa Masisi, walikaa upande wa pili na kutazama ardhi. Généreuse, mke wa Barthélemy, alipita na sahani, akarudi nazo zikiwa vilevile, akaacha kupita.

Msemaji wa Ntoto alikuwa Papa Édouard, mdogo wa baba yake Straton, mtu mpole aliyevaa koti la kuazima. Alianza kwa kusifu Misa, akasifu barabara, akasifu hata mvua. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Alisema wao ni Wakristo, wote wamebatizwa, hata Koko Elisabeth, bibi yao mzee, alibatizwa mwaka juzi. Hawakuja kutafuta ugomvi. Ila ukoo wao una desturi yake, na bibi arusi aliyeimbiwa kifo hawezi kuvuka mito mitatu ya kwenda Ntoto na kifo hicho mgongoni. Na kama angeimbiwa na mgeni, wangecheka. Aliimbiwa na baba yake.

"Papa Barthélemy," alisema, "tuko tunauliza kintu kimoja tu. Hukupenda mutoto aende?"

Macho yote yakamgeukia. Barthélemy alifungua kinywa. Alitaka kusema alipenda, alimpenda Straton, alichoka tu. Lakini akakumbuka kwamba Epiphanie ndiye sauti ya kwanza aliyoifundisha, ndiye aliyemshikia kitabu cha nyimbo tangu akiwa na miaka saba, ndiye pekee katika kanisa lile aliyekuwa akimwuliza, Papa, umekula? Je, mikono ilijua kitu ambacho yeye hakukijua?

"Sijue," alisema.

Mnong'ono ukapita uwanjani. Généreuse akafunga macho. Mtu mwenye akili angesema uongo hapo, na mambo yangekwisha kwa mbuzi mmoja.

Koko Elisabeth ndiye aliyeinuka. Alikuwa mfupi, macho yake yameingia ukungu, na rozari mpya ilining'inia shingoni. Alimsogelea Barthélemy, akachukua mikono yake yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaipapasa kidole kwa kidole. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Hii mikono haiko mibaya," alisema. "Iko imekufa. Muntu akitumisha mikono ya kufa, inaimba ya bale walikufa. Ingeimba nini ingine?"

Kisha akatoa masharti ya ukoo wake. Kabla jua halijazama, Barthélemy apande maharage kwa mikono ileile iliyokosea. Yakitoa majani mawili, Epiphanie ataruhusiwa kwenda kwa mumewe. Yakikomaa, baba ayavune mwenyewe, ayapeleke Ntoto, na binti ayapike chungu cha kwanza. Na tangu kupanda mpaka chungu kile kiliwe, mikono isiguse kitu kilichoita kifo. Isiguse kinanda.

Papa Édouard alieleza kwa upole kwamba ni miezi mitatu tu. Kama Barthélemy hakubali, wao wataondoka kesho na Straton, na Epiphanie atabaki kwa baba yake mpaka watu wazima wakutane tena, na nani ajuaye ni lini.

Barthélemy alihesabu. Oktoba, sikukuu ya Kristo Mfalme, askofu, Monsenyeri mwenyewe, anakuja kutoa kipaimara. Desemba, Noeli. Miezi mitatu bila kinanda. Na hapo, katikati ya aibu yake, kitu kilimpanda kifuani ambacho alikitambua baada ya kitambo, maana alikuwa amekisahau. Ilikuwa furaha. Akaona haya kiasi cha kuinamisha kichwa, na watu wakadhani analia.

*

Padri Émile alicheka kwanza. Alikuwa amekaa sakristia, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kwa sababu ya homa, akasema kosa lile litasimuliwa miaka hamsini. Barthélemy akacheka naye, maana mkubwa akicheka huwezi kukaa umenuna. Kisha akaeleza masharti, na kicheko cha padri kikaisha.

Alisema hayo ni mambo ya gizani. Ndoa imekwisha kufungwa mbele ya Mungu, haihitaji maharage. Kama Barthélemy, mwalimu wa kwaya, mtu wanayemtazama wote, atatii uchawi wa bibi kizee, basi asikaribie meza ya Bwana. Na Monsenyeri je? Wiki sita zimebaki. Nani atapiga?

Barthélemy alisimama akizungusha kofia mikononi. Alikuwa amekwisha kuomba kupumzika mara tatu katika miaka ile kumi na moja. Mara ya kwanza mama yake alipofariki, padri alimwambia muziki utamfariji, akampa kwaya ya watoto. Mara ya pili mgongo ulipomkataa, padri alimpa mto wa kukalia, na kwaya ya Muheto, saa tatu kwa miguu kila Alhamisi. Mara ya tatu hakupewa kitu, aliambiwa tu kwamba talanta haifukiwi ardhini. Na waumini, kila wakimkuta njiani ameinama, walimwambia, Papa, Mungu atakulipa. Walisema kwa upendo kweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata siku moja hakuna aliyesema, lete nikupokee.

"Padri," alisema, "mimi sifuate uchawi. Niko nachoka."

"Mimi pia nimechoka, Barthélemy." Padri Émile aliinua mguu mmoja kutoka majini, ukiwa umevimba, akautazama. "Miaka kumi na minne sijaona nyumba ya mama yangu. Nani ataniambia nipumzike? Niambie wewe."

Barthélemy alikuja na hasira kidogo, ameilinda njia nzima kama mtu anayebeba kaa la moto ndani ya jani, na sasa ilizimika. Alimhurumia padri. Akajihurumia mwenyewe. Hakujua nani kati yao ana haki. Akachukua kitambaa, akamfuta padri mguu, akatoka bila kuaga vizuri.

Nje alikutana na Paul Kanyamibwa, sauti ya chini katika kwaya, mtu mkubwa mwenye moyo wa kuku. Paul alimwomba msamaha. Alisema aliona wazi kwamba wimbo si wenyewe, tangu mwanzo aliona. Barthélemy akamwuliza mbona aliimba.

"Papa, weye ulianza," Paul alisema.

*

Jua lilikuwa limeegemea mlima aliporudi. Alipita uwanja bila kumtazama mtu, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha shamba ambacho Généreuse alikilima peke yake miaka yote ile, kati ya kazi ya pareto ya kulazimishwa na kazi ya jikoni. Nusu yake ilikuwa majani tu. Barthélemy mwenyewe mara ya mwisho kushika jembe pale hakuikumbuka.

Généreuse alimfuata. Hakupiga kelele, hakuwa mwanamke wa kelele. Alimwambia kwamba watu wanamwita mke wa mwalimu wa kwaya na kumpa nafasi ya mbele kanisani, na yeye huikalia nafasi hiyo na kucha zimejaa udongo. Alimwambia kwamba usiku miguu yake Barthélemy hukanyaga shuka, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka yeye huamka na kuishika. Hakuwahi kumwambia hayo kabla ya siku ile.

"Miaka kumi na moja niko muke wa pili," alisema. "Wa kwanza iko kinanda. Siko na wivu nayo tena. Niko tu nataka kujua kama ule muntu alinioa kwetu angali ndani yako, ao alishaenda."

Hilo pia Barthélemy hakulijua. Alimwambia hivyo. Akamwambia pia kwamba akipanda, padri atamnyima komunyo mbele ya watu. Asipopanda, binti yake atakaa nyumbani kama mjane. Na kibaya zaidi, kwamba anataka kupanda, anataka mno, na hajui kama anataka kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya kukimbia. Mtu akitaka kitu hivi, si dhambi hiyo?

Epiphanie alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na nguo yake nyeupe, amekunja upindo usiguse matope. Alikuwa amesikia. Mkononi alishika kikombe cha mbegu za maharage kutoka ghala la mama yake.

"Papa," alisema, "haya maharage utapanda kwa ajili yangu ao kwa ajili yako?"

Barthélemy alimtazama mwanawe. Huu ulikuwa wakati wa kusema neno zuri la baba.

"Sijue, mutoto wangu."

Epiphanie akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei aliyoitegemea. "Basi panda tu," alisema. "Hata kama sehemu yangu iko nusu, itanitosha."

Akampa kikombe. Barthélemy akachukua jembe kwa mke wake, akang'oa majani, akachimba. Vidole vilivyokuwa vyepesi juu ya vibao vilikuwa vizito katika udongo; alitupa mbegu nyingi mno shimo la kwanza na Généreuse akazitoa moja moja. Jamaa wa Ntoto walikuja wakasimama wakatazama. Jua lilipozama alikuwa amemaliza mistari minne iliyopinda, na Koko Elisabeth akasema sasa watu wanaweza kula.

*

Kesho yake alikaa nyuma, kwenye viti vya wanaume. Hakujua jinsi ya kukaa. Miaka ile yote aliligeuzia kanisa mgongo na kuona ukuta. Kwaya iliimba bila kinanda, Paul akaanzisha juu mno na wote wakakwama kileleni kama mbuzi juu ya mwamba. Watu waligeuka kumtazama Barthélemy. Yeye alitazama miguu yake. Ilikuwa inakanyaga sakafu, kushoto, kulia.

Wakati wa komunyo alipiga magoti pamoja na wengine, na mdomo wazi. Labda padri amesahau, alijiambia. Padri Émile alifika kwake, akasimama, akapita kwa jirani. Barthélemy alibaki ameinua uso, macho amefumba, ulimi nje, mpaka aliposikia viatu vya padri vimefika mwisho wa mstari. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Siku ya saba maharage yalitoa majani mawili. Epiphanie akaondoka na watu wa Ntoto asubuhi, kikapu mgongoni, na baba yake alimsindikiza mpaka mto wa kwanza. Mtoni Epiphanie alimwuliza, Papa, umekula?

Oktoba Monsenyeri alikuja. Waliimba bila kinanda. Barthélemy alikuwa shambani siku ya pili yake, Paul alipomletea habari akihema: Monsenyeri alisifu madhabahu, alisifu watoto wa kipaimara, alikula kuku wawili. Barthélemy akauliza, akijifanya anapalilia, kama aliulizia kinanda.

"Hapana, Papa. Hakuuliza."

Kumi na moja, miaka kumi na moja. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Alikuwa na uchungu, na chini ya uchungu ule kulikuwa na kitu kingine, chepesi, na hakujua akiite nini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema. Hawakusema koleo yenyewe hujisikiaje.

*

Katikati ya Desemba alivuna, akapura, akafunga maharage ndani ya jani la mgomba, akatembea siku mbili kushuka msituni. Epiphanie alimpokea Ntoto akiwa amenenepa usoni. Alipika chungu kile kwa mawese, wakala wote kwa sinia moja, Straton, Papa Édouard, na Koko Elisabeth aliyetafuna polepole kwa meno yake matatu. Walipomaliza, bibi mzee akachukua tena mikono ya Barthélemy. Ilikuwa na sugu na kucha nyeusi. Akasema imerudi, kifo kimeshushwa, na sasa yuko huru kurudia kinanda hata kesho.

Mfukoni Barthélemy alikuwa na barua ya Padri Émile, iliyofika siku moja kabla ya safari. Ilikuwa fupi. Ilisema Noeli iko karibu, aje tu, wazungumze, meza ya Bwana haijamfungia mlango.

"Koko," alisema, "hakuna maharage inakawiaka kuiva kuliko haya?"

Watu walicheka, hata Epiphanie. Koko Elisabeth hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kokwa moja ya mchikichi, akaiweka kiganjani mwa Barthélemy na kumfumbisha vidole juu yake.

"Hii inakawiaka miaka ine, tano," alisema. "Na kwenu kwa baridi, haizaake kabisa. Utachagua weye mwenyewe. Mimi sitakuwa nikikuchagulia kila mara."

Siku mbili za kupanda mlima alitembea na kokwa ile mfukoni pamoja na barua, na kila aliposhika moja alishika na nyingine. Mara aliamua kurudi kwenye kinanda. Mara aliamua kutokigusa tena maisha yake yote. Akivuka mto alikuwa mtu mmoja, akipanda mlima alikuwa mwingine, na njiani aliwahi kusimama kabisa na kuongea peke yake, mpaka mwanamke mwenye kuni akampisha.

Alifika kilimani mchana wa repetisyo. Walikuwa wanajaribu nyimbo za Noeli. Alisimama chini ya dirisha, akasikiliza. Paul alikuwa ameanza chini safari hii, mahali pake, na sauti zilipanda bila kukwama, zikikosea hapa na pale na kuendelea. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Hakuna aliyekufa.

Akaingia. Waimbaji wote ishirini na wawili wakanyamaza, wakamwona mikono, wakamwona viatu vya matope. Wengine wakaanza kusogea kumpisha njia ya kinanda. Hakuipita. Alisimama tu pale, kofia kifuani, kama mtu aliyekuja kuuliza kazi.

"Niko nataka kuimba," alisema.

Paul alimtazama, akatazama safu zake: wanawake wa sauti ya juu huku, wa pili huku, wanaume wa kati, wanaume wa chini. Kila mmoja pale alipimwa koo na Barthélemy, akaambiwa mahali pake, akasimama hapo miaka yote.

"Papa," Paul aliuliza kwa woga, "weye iko sauti gani?"

Barthélemy alifikiri. Alifikiri kweli, kwa muda, mbele yao wote.

"Sijue," alisema.

Paul akasogea kidogo, na jirani yake akasogea, mpaka nafasi ikapatikana kati ya wanaume wa kati na wa chini, nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Basi simama hapa," alisema. "Tutasikia."